Je, Wajua? Vituko vya Mbio za Baiskeli Kabla Julai Haijafika

Watu wengi hukumbuka mbio za baiskeli mwezi wa saba tu, Tour de France inapopamba moto. Wenye mapenzi ya kweli na mchezo huu huanza kukesha Januari. Hakuna msimu mtamu kama miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka: haijulikani nani kaja na miguu gani, mvua na theluji hupanga matokeo, na ubishi wa mashabiki hauna refa. Haya, twende.

Msimu hufunguliwa juani

Mbio kubwa za kwanza za mwaka hufanyika Adelaide, kusini mwa Australia, Januari, wakati Ulaya imejikunyata kwa baridi. Zinaitwa Tour Down Under, zilianza 1999, na mwaka 2018 hatua moja ilibidi ifupishwe kwa sababu joto lilipita nyuzi 40. Mkali wa huko alikuwa Richie Porte, aliyeshinda hatua ya kilima cha Willunga miaka sita mfululizo, 2014 hadi 2019. Fikiria hilo: kilima kilekile, kila mpinzani anajua Porte atachomoka, na bado hakuna aliyemzuia.

Mbio zilizopewa jina la adui yake

Omloop Het Nieuwsblad, inayofungua msimu wa Ubelgiji mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ilianzishwa 1945 na gazeti la Het Volk. Lengo lilikuwa kushindana na Ronde van Vlaanderen, mbio za gazeti pinzani la Het Nieuwsblad. Enzi hizo magazeti yalipigania wasomaji kwa kuandaa mbio za baiskeli, na kwa zaidi ya miaka 60 Omloop ilibeba kwa fahari jina la Het Volk. Kisha Het Volk likafifia, likamezwa na mpinzani wake 2008, na kuanzia 2009 mbio zilizozaliwa ili kumkomoa Het Nieuwsblad zinaitwa kwa jina la Het Nieuwsblad!

Na hapo ndipo penye ubishi mkubwa kila Februari. Kati ya 1945 na 2025 hakuna mwanamume hata mmoja aliyeshinda Omloop na Ronde ya Aprili ndani ya mwaka mmoja. Wapo wanaoamini ni mkosi, wapo wanaosema ni miguu tu: anayewaka Februari huwa majivu Aprili. Mimi niko na hawa wa pili. Kwa wanawake, Lotte Kopecky wa Ubelgiji alizikusanya zote mbili 2023, na sijasikia mtu akimtajia mkosi.

Alikimbia mpaka akawakuta wanaume

Omloop hiyohiyo, 2 Machi 2019. Wanawake walianza safari kama dakika kumi nyuma ya wanaume, barabara ileile. Mswisi Nicole Hanselmann akachomoka mapema, akawaacha wenzake kwa takriban dakika mbili, akazidi kukanyaga. Mara akaona mbele yake magari ya msafara wa wanaume! Waandaaji hawakuwa na la kufanya ila kusimamisha mbio zote za wanawake, na Hanselmann akabaki ameshika breki barabarani huku misuli ikipoa, akisubiri wanaume wasogee. Mbio zilipoanza tena alipewa muda aliokuwa ameuchuma, lakini mwendo ulishakatika. Alimaliza nafasi ya 74. Chantal Blaak wa Uholanzi ndiye aliyeshinda siku hiyo, ila jina lililozunguka dunia nzima ni la yule aliyekimbia mno.

Mshindi huondoka na punda

Siku moja baada ya Omloop huja Kuurne–Brussel–Kuurne, na mshindi hupewa punda wa kitambaa. Wakazi wa Kuurne walitaniwa kwa jina la punda tangu zamani, kwa sababu wakulima wao walikwenda na punda alfajiri kuuza mboga soko la Kortrijk. Badala ya kununa, mji mzima ukamfanya punda kuwa nembo yake. Mwaka 2010 huyo punda alipatikana kwa taabu: dhoruba iliyoitwa Xynthia ilipiga kiasi kwamba ni waendeshaji 26 tu waliofika mwisho, Bobbie Traksel wa Uholanzi akiwa wa kwanza.

Katikati ya kundi upepo karibu hufutika

Mwaka 2018 Profesa Bert Blocken na wenzake walipima namna hewa inavyolizunguka kundi la waendeshaji 121. Waligundua kwamba aliyejificha katikati na nyuma ya kundi hukabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya upepo ambao angeupambana nao akiwa peke yake. Ndiyo maana bingwa hulindwa na wenzake kutwa nzima, na ndiyo maana shabiki mzoefu hutazama bendera za nyumba za kando ya barabara kabla ya kutazama wakimbiaji. Upepo ukigeuka na kupiga kutoka ubavuni, kundi hujipanga mshazari kuvuka barabara, nafasi za kujificha hujaa, na waliobaki pembezoni hukatika mmoja baada ya mwingine. Kwa dakika tano tu mtu anaweza kupoteza mbio za wiki nzima. Hutokea sana Ubelgiji, na hutokea sana Ghuba, jangwani, ambako hakuna hata mti wa kukinga.

Mlima wa waridi uliomtangaza mzaliwa wa Nairobi

Mashabiki wa Maskati wanaujua vizuri: Jabal Akhdar, mlima unaolimwa waridi na makomamanga, ndio huamua Tour ya Oman kila Februari. Mpando wake wa mbio una kilomita 5.7 tu, lakini wastani wa mwinuko unapita asilimia 10, kwa hiyo hata mabingwa huonekana wakiyumba kushoto na kulia kutafuta pumzi. Mwaka 2013 mbio hizo zilichukuliwa na Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na kunolewa utotoni na Mkenya David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu. Miezi mitano baadaye Froome alikuwa juu ya jukwaa Paris na jezi ya njano ya Tour de France. Akarudi Oman 2014, akashinda tena.

Mwaka uliofuata Oman ilionyesha upande wake wa pili. Dhoruba ya mchanga ilivuruga hatua ya tano, kisha joto likawa kali hata matairi yakaanza kupasuka kwenye miteremko. Waendeshaji walisimama kwa umoja, wakajibanza kwenye kivuli cha daraja, wakakataa kuendelea. Hatua ikafutwa. Naona walifanya vema kabisa: tairi likipasuka kwenye mteremko wa kasi, hakuna ushindi unaoweza kulipa anguko lake.

Nyamirambo wana ukuta wao

Tour du Rwanda, iliyoanza 1988, tangu 2019 kwa kawaida hukimbiwa kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Mpando wake mashuhuri upo ndani ya jiji la Kigali: Ukuta wa Kigali, kipande cha mawe kilicho wima kinachopita Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa tangu zamani. Kule Ulaya watu hulipa nauli kwenda kusimama kwenye kona ya mbio. Huku mtu hutoka mlangoni na kikombe chake cha chai, na kabla hajakimaliza bingwa wa dunia anapita mbele yake akihema! Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na Ukuta huo ukawekwa ndani ya njia ya wanaume. Walianza zaidi ya 160. Walimaliza 30.

Kijana wa miaka 18 na gwiji wa Ujerumani

Januari 2019, Gabon, mbio za La Tropicale Amissa Bongo. Kwenye mita za mwisho za hatua ya tatu, André Greipel, mshindi wa hatua 11 za Tour de France, alikanyaga kwa nguvu zake zote, na bado gurudumu la mbele lilikuwa la kijana wa Eritrea ambaye hata miaka 19 hakuwa ametimiza: Biniam Girmay. Wachache waliona. Miaka mitatu baadaye, 27 Machi 2022, dunia nzima iliona, alipowashinda Wazungu watatu kwenye mstari wa Gent–Wevelgem na kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mojawapo ya mbio kubwa za mawe za Ubelgiji. Mwaka 2024 akaongeza hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani. Anayesema mbio za Januari hazina maana, mtajieni Gabon.

Saba mfululizo

Sean Kelly wa Ireland alishinda Paris–Nice kila mwaka kuanzia 1982 hadi 1988. Mbio hizi za Machi hutoka kaskazini kwenye ukungu hadi Bahari ya Mediterania, ndiyo maana huitwa mbio za kulifuata jua, na kwa miaka saba jua lilimsubiri mtu mmoja.

Waligoma kuvaa helmeti

Hili huwa siliamini hata nikilisimulia mwenyewe. Mwaka 1991, wakubwa wa mchezo walipotaka kila mwendeshaji avae helmeti, waendeshaji wa Paris–Nice waligoma, na amri ikarudishwa kabatini. Joto, uzito, mazoea: kila mmoja alikuwa na sababu yake. Machi 2003, kwenye Paris–Nice hiyohiyo, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila helmeti, akafariki siku iliyofuata. Alikuwa na miaka 29. Kufikia Mei mwaka huo helmeti ilikuwa lazima, na leo hutamwona hata mtoto wa shule ya baiskeli akianza mazoezi bila hiyo.

Barabara zilizookolewa zisiwekwe lami

Strade Bianche ya Toscana, Italia, ilianza 2007 tu, lakini mashabiki wengi tayari huiweka sawa na mbio zenye miaka mia moja. Siri ni vumbi jeupe. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci alianzisha msafara wa baiskeli za kizamani uitwao L'Eroica ili kuzilinda barabara za changarawe za huko zisifunikwe lami, na mbio za wataalamu zikazaliwa humo. Mwisho wake ni ndani ya mji wa Siena: kichochoro cha Santa Caterina chenye mwinuko wa asilimia 16, kona mbili tatu, kisha Piazza del Campo, uwanja uleule unaokimbiwa farasi kila Julai na Agosti.

Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda hapo 2024 baada ya kukimbia peke yake kilomita 81. Mwaka 2025 aliteleza kwenye kona kwa kasi, akabiringika hadi kwenye vichaka, akasimama jezi ya bingwa wa dunia ikiwa imechanika na damu ikimtoka mkononi. Akabadili baiskeli, akawafuata waliokuwa mbele, akawapita, akashinda tena. Nimeirudia video ile nikitafuta dalili ya maumivu kwenye mwendo wake, na mguu unazunguka vilevile.

Kombe hutoka baharini

Mshindi wa Tirreno–Adriatico, mbio zinazoikata Italia kutoka bahari moja hadi nyingine, hupewa mkuki wa dhahabu wenye ncha tatu, silaha ya Neptune mwenyewe, na wapiga mbizi ndio huuibua majini. Roger De Vlaeminck wa Ubelgiji alishinda mbio hizi mara sita mfululizo, 1972 hadi 1977.

Karibu kilomita 300 kwa siku moja

Milano–Sanremo, iliyoanza 1907, ndiyo ndefu kuliko mbio zote kubwa za siku moja. Ni mtu kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha kugeuza na kurudi nusu ya njia, bila kulala. Mwaka 1910 theluji ilifunika njia ya mlimani ya Turchino, na Mfaransa Eugène Christophe akaganda hata akashindwa kutembea. Akaingizwa nyumba ya wageni, akakaushwa, akapashwa moto, akavalishwa suruali ndefu. Kupitia dirishani akaona wenzake wakipita wamejaa matope, akatoka mbio kuwafuata. Alishinda kwa saa 12 na dakika zaidi ya 20, na waliomaliza nyuma yake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Zawadi ya kwanza ilikuwa kulazwa hospitali.

Theluji ilirudi 2013. Barafu iliganda kwenye helmeti na miwani, mbio zikasimamishwa, waendeshaji wakapakiwa kwenye mabasi ya timu kuvushwa mlima, na upande wa pili wakashushwa waendelee. Nyota kama Tom Boonen wakasema yatosha. Aliyewashinda Peter Sagan na Fabian Cancellara jioni ile alikuwa Mjerumani Gerald Ciolek, mtu ambaye hakuna aliyemtabiria, akiwa na jezi ya MTN-Qhubeka, timu ya Afrika Kusini iliyokuwa mwaka wake wa kwanza katika daraja la pili la dunia.

Babu 1961, mjukuu 2023

Raymond Poulidor wa Ufaransa alishinda Milano–Sanremo 1961. Binti yake akaolewa na mwendeshaji wa Uholanzi, Adrie van der Poel, na mtoto wao Mathieu akashinda mbio zilezile 2023, miaka 62 baadaye, kisha akazirudia 2025. Adrie naye hakuwa mtu wa kubezwa, kwani ana Ronde ya 1986 na Liège–Bastogne–Liège ya 1988. Lakini Sanremo ilimruka.