Katuni ya mtumba ndani ya fremu: Matema ilipe kiasi gani?

Soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na ufukwe wa Matema, lina desturi yake ya kupima bidhaa. Mnunuzi wa chungu cha Ikombe hukigonga kwa kidole akasikiliza. Kama kina ufa, sauti itamwambia. Mnunuzi wa mchele wa Kyela hutia mkono ndani ya gunia. Kakao nayo huuzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na bei hutangazwa. Sasa akija mtu na picha ya katuni ya mtumba, ina fremu na kioo, akataka sh. 120,000 kwa hoja kwamba ni ya zamani, yeye agongewe wapi?

Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kupamba ukumbi anaweza kununua, na mchuuzi anaweza kuona humo faida ya kuuza tena mjini. Lakini fedha atakayoweka hapo ndiyo ile ile ambayo ingemnunulia mpunga msimu wa mavuno.

Kwanza mnunuzi ajue ameshika nini. Katuni moja inaweza kuwa mchoro wenyewe wa mkono, au chapa chache zilizotiwa namba na sahihi ya msanii, au ukurasa uliokatwa gazetini, au nakala ya mashine. Kwa kawaida thamani hushuka kwa mpangilio huo, tena hushuka kwa kasi. Tumia kioo cha kukuzia, hata kamera ya simu. Mchoro wa mkono huwa na wino usiokolea sawasawa, alama za penseli, pengine rangi nyeupe iliyofunika kosa. Vitone vilivyojipanga kwa safu ni vya kiwanda cha uchapaji. Vilivyotawanyika ovyo ni vya printa ya ofisini. Namba 12/100 kwa penseli maana yake ni nakala ya 12 kati ya 100. Sahihi iliyochapwa pamoja na picha haiongezi hata senti. Omba fremu ifunguliwe uone mgongo wa karatasi, maana ukurasa wa gazeti huwa na habari nyuma. Muuzaji akikataa, mlipe bei ya nakala.

Wauzaji hupenda kutaja majina. Chakubanga, katuni ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, inakumbukwa na wazee wengi. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kujiunga na Nation ya Nairobi mwaka 1992, anajulikana nje ya Afrika. Mchoro wa mkono wa wachoraji hao ni mali. Ukurasa wa gazeti wenye kazi yao ulitoka mashine moja na maelfu ya wenzake, na jina kubwa haliufanyi kuwa adimu.

Halafu kuna hali ya hewa, na hapa Kyela haina huruma. Wilaya hii ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano kwa mwanga na kukatika. Unyevu huleta ukungu na madoa ya kahawia. Karatasi iliyogusana na kioo hunata, na ukiibandua wino hubaki kiooni. Madoa hayo hayafutiki kwa kitambaa, kwa hiyo yakatwe kwenye bei.

Tupige hesabu ya mfano. Fremu na kioo, kwa fundi, tuseme sh. 30,000. Ndani kuna ukurasa wa gazeti wenye madoa: sh. 10,000, nami naona ni ukarimu. Jumla sh. 40,000. Anayenunua kwa ajili ya kuuza tena atoe humo nauli ya kwenda Mbeya na hatari ya kioo kuvunjika njiani. Zile sh. 80,000 zilizobaki ni za maneno ya muuzaji.

Kuna pia wanaofikiria kununua picha moja wakachapishe fulana na kadi za kuwauzia watalii. Kununua karatasi si kununua haki ya kuinakili. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki hiyo hubaki kwa mchoraji au aliyempa kwa maandishi, na kwa warithi wake baada ya kufa. Mwenye mpango wa fulana aanze kwa kuuliza COSOTA kabla hajalipa chochote Lyulilo.