Je, Wajua? Gigahezi Chache Ziliweza Kushinda Nyingi
Mwaka 2001 prosesa ya Athlon XP 1800+ ya kampuni ya AMD, iliyokwenda kwa gigahezi 1.53, yaani mapigo bilioni 1.53 kwa sekunde, iliishinda katika kazi nyingi Pentium 4 ya Intel yenye gigahezi 1.8, kwa kuwa gigahezi huhesabu mapigo tu, wala si kazi inayokamilika katika kila pigo. Pentium 4 ilipitisha amri katika hatua 20, ilhali Athlon ilitumia 10. Hivyo kila mara prosesa ilipokisia vibaya njia ambayo programu ingefuata, Pentium ilitupa kazi kubwa zaidi na kuianza upya. AMD, iliyowajua vyema wanunuzi wake, iliweka 1800 kwenye jina, kukumbusha gigahezi 1.8, badala ya kasi halisi.