Karatasi ya Shabaha Ina Hesabu Zake

Katika mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10, pointi 10 zimewekwa kwenye nukta yenye kipenyo cha nusu milimita. Risasi inayoitafuta nukta hiyo ina kipenyo cha milimita 4.5, yaani ni pana mara tisa kuliko kinacholengwa. Mlenga shabaha aliyesimama mita 10 haioni nukta hiyo. Kwa umbali huo, jicho zima la binadamu hutenganisha mistari miwili ikiwa imeachana takriban milimita 3. Ikisogeleana zaidi ya hapo, huonekana mmoja. Na bado wapo watu wanaoipiga nukta hiyo mfululizo.

Abhinav Bindra wa India alikuwa mmoja wao. Alishinda dhahabu ya mchezo huu huko Beijing mwaka 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Mhindi katika mchezo wa mtu binafsi. Risasi yake ya mwisho ilipata 10.8. Duara la kumi hugawanywa katika vipande vya robo milimita, kuanzia 10.0 hadi 10.9, kwa hiyo 10.8 maana yake ni kwamba kitovu cha risasi kilipita umbali usiozidi nusu milimita kutoka katikati kabisa. Bindra alikuwa na ukumbi wa mazoezi nyumbani kwao, na si kila mzazi ana uwezo wa kumjengea mwanawe ukumbi. Lakini karatasi ya kulenga haihitaji utajiri. Kinachohitajika ni kuelewa kazi yake, kwa sababu karatasi hiyo ni kifaa cha kupimia, na kipimo kibovu hudanganya hata mkono uliotulia.

Tuanze na swali la jicho. Mtu hulengaje asichokiona? Jibu ni kwamba halengi nukta. Analenga duara jeusi lenye kipenyo cha milimita 30.5, ambalo analiona bila shida. Kwenye bunduki za mashindano, mwisho wa mtutu kuna pete ndogo. Mlengaji huliweka duara jeusi ndani ya pete hiyo hadi abakiwe na ukanda mwembamba mweupe kulizunguka pande zote. Kazi ya jicho hapo ni kuamua kama ukanda huo una unene sawa kila upande, na katika kazi hiyo jicho ni hodari kupita kiasi. Kupima ulinganifu na kutenganisha mistari ni vipaji viwili tofauti, na hiki cha ulinganifu huweza kuwa kikali mara tano hadi kumi kuliko kile kingine. Mwanafunzi wa sekondari hukitumia kila anaposoma kalipa ya vernia: anatafuta mstari uliokutana na mwenzake, na anauona mara moja ingawa tofauti ni sehemu ndogo sana ya milimita. Mfaransa Pierre Vernier alieleza kipimo hicho mwaka 1631.

Kutokana na hapo, kanuni ya kwanza ya anayejichorea shabaha inajitokeza yenyewe: ukingo wa duara jeusi uwe mkali na duara liwe duara kweli. Bikari ya shule inatosha, mradi ncha yake haichezi. Ukitumia printa, jihadhari na tabia yake ya kuipunguza picha ili itoshe ukurasa. Upungufu wa asilimia 3 tu hugeuza milimita 30.5 kuwa 29.6, na vijana wa steshenari hawatakuambia. Weka rula juu ya nakala ya kwanza kabla hujalipia ya pili.

Weusi nao una mambo yake. Wino wa printa ya leza ni unga wa plastiki unaoyeyushwa juu ya karatasi, na ukipoa hung'aa. Ukiweka taa mbele ya shabaha ya namna hiyo, sehemu ya duara huakisi mwanga na kugeuka kijivu, kisha ukingo hupotea upande mmoja. Jicho hudhani duara limesogea, na mkono hulifuata. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, lenye makao yake Munich, zinataka karatasi isiyoakisi mwanga kwa sababu hiyohiyo. Printa ya wino wa maji hufanya vizuri zaidi kwa kuwa wino huzama kwenye nyuzi. Masizi ya sufuria yaliyokorogwa na wanga mwepesi hutoa weusi usiong'aa hata kidogo, ingawa yatakuchafua vidole na huenda yakakugombanisha na mwenye jiko. Karatasi nyeupe pepe nayo si rafiki: chini ya taa kali weupe wake humwagikia duara na kulifanya lionekane dogo. Rangi ya maziwa au manjano iliyofifia hutuliza jicho.

Sasa tundu lenyewe. Hapa ndipo shabaha nyingi za nyumbani huharibikia, na ndipo karatasi inapoonyesha tabia yake. Risasi za mashindano zina kichwa bapa. Zikifika kwenye karatasi ngumu hukata kisahani kamili cha mviringo, sawasawa na mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi. Risasi ya kichwa cha mviringo au chenye ncha haikati, inasukuma. Nyuzi za karatasi hutanuka, hupasuka kama nyota, kisha nyingine hurudi nyuma risasi ikishapita. Tundu linalobaki huwa dogo kuliko risasi iliyolitoboa. Kwa kuwa sheria inampa mlengaji pointi za duara la juu hata kama risasi imeligusa tu, tundu lililosinyaa linamwibia haki yake.

Karatasi ni mkeka wa nyuzi za selulosi. Nyuzi za mikaratusi zina urefu wa karibu milimita moja. Za misonobari hufika milimita tatu. Nyuzi ndefu hushikana sana na kukataa kuchanika, jambo zuri kwa mfuko wa saruji na baya kwa shabaha. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi nchini Tanzania, hutengeneza karatasi ya kahawia ya mifuko kwa misonobari ya msitu wa Sao Hill. Chukua kipande cha mfuko kama huo ukitoboe kwa risasi, kisha ukiinue kwenye mwanga: ukingo wa tundu una manyoya, na huwezi kuapa kama risasi iligusa mstari au haikuugusa. Gazeti lina nyuzi fupi lakini ni jepesi mno, linachanika. Boksi lina uwazi katikati ya tabaka zake, kwa hiyo tundu la mbele na la nyuma hayafanani. Kinachofaa ni manila, au kadi za michango ya harusi zilizokwisha kazi, ambazo nyumba nyingi zinazo kwa wingi. Chora upande wa nyuma usio na picha.

Ukikosa manila, gundisha karatasi tatu za kawaida za gramu 80 kwa uji wa unga wa ngano au wanga wa muhogo. Ukiizungusha ile ya katikati robo mzunguko, utapata kadi bora zaidi, na sababu unaweza kuiona kwa kuchana gazeti. Upande mmoja linachanika kwa mstari ulionyooka, upande mwingine linakwenda ovyo. Mashine ya kutengeneza karatasi hulaza nyuzi nyingi kuelekea upande inakokimbilia, kwa hiyo kila karatasi ina upande wake dhaifu. Nyuzi zikipishana, mpasuko ulioanzia kwenye tundu hauna njia ya kukimbilia. Kata miraba kwanza, ndipo uzungushe, kisha kausha chini ya vitabu vizito. Wanga wenyewe si ujanja wa kimaskini, kwani viwanda vya karatasi hutumia wanga pia. Tatizo ni mende, ambao huupenda.

Anayeishi pwani ana adui mwingine, unyevu. Maji ya hewani hujipenyeza kati ya nyuzi na kulegeza viungo vinavyozishikanisha. Kadi iliyokata safi wakati wa kiangazi itachanika wakati wa masika. Ifunge kwenye kopo lenye kifuniko, na unapoitumia ibane ikae wima bila kupepea.

Jambo ambalo wengi hulikosea kabisa ni umbali. Ukumbi wa mita 10 ni mrefu kuliko nyumba nyingi, kwa hiyo mtu mwenye mita 5 hupunguza shabaha kwa nusu kwenye mashine ya fotokopi na kujiona ametenda haki. Duara jeusi hapo linakuwa sawa, milimita 15.25, na jicho linaona picha ileile. Pointi ndizo zinazoharibika, kwa sababu risasi haikupungua nusu.

Tufanye hesabu. Kwa mita 10, risasi hupata kumi kama kitovu chake hakizidi milimita 2.5 kutoka katikati: 2.25 za nusukipenyo cha risasi, na 0.25 za nukta. Kosa la mkono hukua pamoja na umbali, basi kwa mita 5 kitovu hakipaswi kuzidi milimita 1.25. Lakini ile nukta ya fotokopi, yenye kipenyo cha robo milimita, inaguswa na risasi yoyote ambayo kitovu chake kiko ndani ya milimita 2.375. Ni karibu mara mbili ya kinachostahili. Anayejisifu kwa makumi kwenye shabaha hiyo anajisifia fotokopi.

Dawa ipo. Kwa mita 5, usitumie nukta kwa ajili ya kumi. Chora mstari mwembamba wa duara lenye kipenyo cha milimita 7, na ukubali kumi pale tu ambapo tundu zima liko ndani yake. Nukta ya nusu milimita ibaki, lakini kuigusa kuwe na thamani ya tisa. Ya nane ni duara la milimita 3, ya saba milimita 5.5, na kuanzia hapo unaongeza 2.5 kila duara. Kote huko kugusa kunatosha.

Usirundike risasi kwenye duara moja, maana matundu yakiingiliana huwezi kuyahesabu. Chora maduara mengi kwenye kadi moja, kila risasi na lake. Anayepima bunduki badala ya mkono wake akumbuke pia kwamba upana wa kundi huongezeka kadiri risasi zinavyoongezeka: kundi la risasi kumi, kwa wastani, huwa pana kwa zaidi ya nusu kuliko la risasi tatu zilizopigwa na bunduki hiyohiyo. Matangazo ya kundi la risasi tatu yasikuchanganye.

Nyuma ya kadi weka sanduku lililojazwa vitambaa vilivyoshindiliwa. Ukuta mtupu au bati lililosimama wima hurudisha risasi, na risasi inayorudi hutafuta macho. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliyemo. Madini ya risasi ni sumu, hivyo nawa mikono kabla ya kula na usiwape watoto kazi ya kukusanya mabaki. Sheria za silaha hazifanani kati ya nchi na nchi, na pengine bunduki ya upepo huhitaji kibali kama nyingine yoyote. Waulize polisi kabla ya kuinunua.

Kwa mashindano rasmi, shabaha ya kujichorea haikubaliki hata ikiwa nzuri namna gani. Kwa mazoezi ya nyumbani, kadi ya manila yenye duara lisilong'aa na hesabu sahihi za umbali hupima mkono vizuri kuliko fotokopi yoyote ya shabaha rasmi iliyopunguzwa nusu.