Kupanga Meno: Kazi ya Waya na Kazi ya Mfupa

Katika maswali yote ambayo wazazi huuliza waletapo watoto wao kutazamwa meno, hakuna linalotangulia kama lile la umri: je, mtoto afungwe nyaya lini, na wakati huo ukiwa umekwisha kupita, je, mtu mzima naye ana tumaini? Jawabu langu ni kwamba kumtazama mtoto ni jambo moja na kumfunga nyaya ni jambo jingine. Afikapo miaka 7, gego lake la kwanza la ukubwani aghalabu huwa limekwisha kuota nyuma ya meno yote ya utoto, bila ya jino lolote kung'oka ili kulipisha, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa nalo ni la utoto, wakaliacha lioze wakitaraji kuwa litaota jingine, ilhali gego hilo ndilo alitazamalo tabibu kwanza apimapo namna taya mbili zinavyokutana. Akiona kasoro, kama vile meno ya juu kuangukia ndani ya yale ya chini, yamkini aanze matibabu mapema maadamu mifupa ingali ikikua. Vinginevyo atamwambia mzazi angoje hadi chonge zikaribie kuota, baina ya miaka 11 na 13. Ama mtu mzima, awe wa miaka 30 au 50, hana haja ya kukata tamaa, mradi fizi zake na mfupa ulio chini yake vina siha.

Tumaini hilo la mtu mzima lina asili yake katika maumbile ya mfupa wenyewe, ambao haukomi kujibomoa na kujijenga muda wote wa uhai. Jino halikugandamana na taya moja kwa moja. Baina yao pana utando wa nyuzi, wenye upana wa robo ya milimita hivi, upitiwao na mishipa ya damu na ya fahamu. Waya ulisukumapo jino kwa upole, upande ule unaobanwa chembe hai za mwili huanza kuula mfupa, na upande wa pili, ambako nyuzi zinavutwa, chembe nyingine hujenga mfupa mpya, hata jino likahama pamoja na tundu lake, kwa kadiri ya milimita moja kila mwezi. Wagonjwa wengi huomba wakazwe zaidi ili wamalize upesi, na ombi hilo sharti likataliwe, kwa kuwa nguvu ikizidi, utando husetwa, damu hukatika, jino husimama palepale kwa wiki kadhaa mpaka mwili uondoe kilichokufa, na mzizi wake huweza kulika ukawa mfupi milele. Ndiyo sababu matibabu kamili huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili, na pengine zaidi. Maumivu nayo, ambayo watu huyahofu kupita kiasi, huanza saa chache baada ya kukazwa, hushtadi siku ya pili, kisha hupoa kabla ya juma kwisha.

Swali zito kuliko yote ni la kung'oa. Mzazi husikitika, na nina huruma naye, aambiwapo kwamba mwanawe aliyekuja kupangwa meno atatolewa manne yaliyo mazima. Nao wataalamu wenyewe walihitilafiana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Mfaransa Pierre Fauchard alikwisha kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1728 jinsi ya kunyoosha meno kwa kuyafunga kwenye ukanda wa madini. Lakini aliyeifanya elimu hii kuwa fani kamili ni Edward Angle wa Marekani, ambaye mwaka 1899 aliyagawa makosa ya mkutano wa meno katika mafungu 3 kwa kulitazama lile gego la kwanza. Angle alishikilia kwamba kila jino lihifadhiwe kinywani, na alikuwa mkali kwa aliyemkhalifu. Baada ya kufa kwake mwaka 1930, mwanafunzi wake Charles Tweed, alipoona meno aliyoyapanga kwa kanuni ya mwalimu yakichomoza mbele na kurudi kombo, aliwatibu upya wagonjwa wake kwa kuwatoa magego madogo, akapata wajihi mzuri na meno yaliyotulia. Leo tunapima nafasi ya taya kwa eksirei na kwa sampuli ya meno, na wengi hawahitaji kung'olewa hata jino moja. Ila taya ikiwa finyu kweli, kuyalazimisha meno yote kubaki ni kuyasukuma nje ya mfupa unaoyashika.

Mwanya hauna haja ya maneno mengi. Kwetu pwani umehesabiwa tangu kale kuwa haiba, na katika mtoto ambaye chonge zake hazijaota ni hali ya kawaida ambayo mara nyingi hujiziba yenyewe. Anayeupenda wake asishawishiwe na yeyote kuuziba. Bali ukizuka ukubwani mahali ambapo haukuwapo, ni dalili ya ugonjwa wa fizi, na atibiwe hima.

Ila liko jambo linaloniumiza moyo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, vivimbe vya ufizi mahali pa chonge huitwa meno ya plastiki au ya nailoni, akapelekwa kwa mtu ayachimbue kwa chombo kikali kisicho safi. Kinachotolewa ni chipukizi la jino lake la halali. Wako waliokufa kwa damu na kwa uchafu wa jeraha, na walionusurika hutujia wakiwa na chonge zilizopotoka au zisizoota kabisa, kasoro ambayo waya hauwezi kuirekebisha yote. Homa ya mtoto ipelekwe hospitali. Malaria na maradhi ya tumbo hayakai katika ufizi.

Wakati wa nyaya, mswaki upite kila baada ya chakula, juu na chini ya waya, kwani uchafu ukikaa kandokando ya vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye meno ili kuushika waya huweza kuacha madoa meupe kabla ya mwezi kwisha. Mua, kashata na mahindi ya kuchoma viwekwe kando, kwa kuwa huvibandua vipande hivyo. Wenye meno ya rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi iliyozidi katika maji, kama wengi wa Arusha na Meru, wajue kwamba kwao gundi hushika kwa shida, na vipande vyao vitabanduka mara nyingi zaidi.

Nyaya zikiisha kutolewa, mfupa mpya ungali laini, na nyuzi za ufizi huchukua karibu mwaka kuzoea mahali papya. Kwa hiyo mgonjwa hupewa ritena, yaani kifaa cha kuyashikilia meno mahali pake papya, aivae kama alivyoagizwa, na baadaye usiku tu, kwa miaka mingi. Aliyeiacha kwa siku chache akaiona inabana, airudishe usiku uleule. Ikikataa kabisa kuingia asiilazimishe, amwendee tabibu wake kabla juma halijapita.