Sauti Isiyosikika na Faragha ya Mwenye Simu

Sikio la binadamu hupokea sauti zenye mitetemo kati ya 20 na 20,000 hivi kwa sekunde, lakini uwezo wa kusikia sauti nyembamba mno hupungua kadiri umri unavyosonga, hata watu wazima wengi hawasikii kitu pindi mitetemo inapofika 18,000. Maikrofoni ya simu janja huzinasa sauti hizo bila taabu, na spika ya kawaida ya televisheni huweza kuzitoa.

Mwanya huo ndio unaotumiwa na baadhi ya kampuni za matangazo. Alama fupi ya sauti isiyosikika hupachikwa ndani ya tangazo, au hutolewa na kifaa kilichofichwa dukani, na programu iliyomo simuni, ambayo mwenyewe aliipakua kwa shughuli nyingine kabisa, husikiliza chinichini, huitambua alama hiyo, kisha hutuma taarifa kwa kampuni husika. Kwa njia hiyo hujulikana nani alitazama nini, saa ngapi, aliingia duka gani, na kwamba simu fulani na kompyuta fulani ni za mtu mmoja. Hili la mwisho ndilo zito zaidi: mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa sauti ya aina hii huweza kumfichua hata mtumiaji wa Tor, mtandao uliobuniwa kuficha utambulisho.

Mwaka huohuo, Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji wa programu 12 zilizobeba msimbo wa kutambua alama hizo wa SilverPush, kampuni iliyoanzia India, kwa kuwa ziliomba ruhusa ya maikrofoni bila sababu ya wazi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, walikuta msimbo huo katika programu 234 za Android, na katika maduka 35 waliyoyapima, 4 yalikuwa yakitoa sauti hizo, ingawa katika matangazo ya televisheni waliyoyachunguza hawakuzikuta.

Ruhusa inayotolewa kwa kubonyeza tu, bila mtu kuelezwa kinachosikilizwa, haistahili kuitwa ridhaa. Tangu Android 12 na iOS 14, nukta ndogo ya rangi huonekana juu ya kioo maikrofoni inapotumika. Mwenye simu aiangalie, kisha afungue mipangilio ya faragha na kuiondolea ruhusa ya maikrofoni kila programu isiyoihitaji.