Dawa ya maumivu isikuletee vidonda vya tumbo

Msimu wa kuvuna mahindi huwaacha wengi hapa Kesses na maumivu ya mgongo na magoti. Daktari aweza kukuandikia ibuprofeni, diklofenaki au naprokseni. Dawa hizi hutuliza uvimbe, lakini pia hupunguza ute unaolinda kuta za tumbo dhidi ya asidi. Usidhani kuwa sindano ni salama zaidi: dawa hulifikia tumbo kupitia damu.

Ibuprofeni kwa kipimo kidogo ndiyo yenye hatari ndogo kwa tumbo. Naprokseni ina hatari kubwa zaidi. Vioxx, iliyosifiwa kwa kutoliumiza tumbo, iliondolewa madukani mwaka 2004 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Kwa hivyo, usimeze dawa mbili za aina hii pamoja. Ikiwa umepita miaka 65, umewahi kuugua vidonda vya tumbo, au unatumia aspirini, mwambie daktari mapema; huenda akakuongezea omeprazoli ya kulinda tumbo. Ukipata choo cheusi kama lami, acha dawa na uende hospitali mara moja.