Siku kinywa cha Stevenson kilipokauka

Mwanafunzi wa jiografia huku kwetu analijua jina la Stevenson kutokana na kile kisanduku cheupe cha mbao kinachohifadhi vipimajoto kwenye kituo cha hali ya hewa. Mpenzi wa hadithi analijua kutokana na Kisiwa chenye Hazina. Kisanduku kilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti. Hadithi ilitungwa na mwanawe, Robert Louis. Nilitaka kujua ni ukoo gani huo, nikafika kwa babu, na huko ndiko nilikonasa.

Babu ni Robert Stevenson, mzaliwa wa Glasgow, 1772. Yeye, wanawe watatu, wajukuu wawili na kitukuu mmoja walijenga minara ya taa kuizunguka pwani ya Uskoti. Kazi aliipokea kwa baba yake wa kambo, fundi taa Thomas Smith, ambaye leo hatajwi sana, maana jina lililoenea si lake.

Takriban kilomita 18 kutoka Arbroath kuna mwamba uitwao Bell Rock. Maji yakijaa, hauonekani kabisa. Yakipwa, hujitokeza kwa saa chache tu. Mwaka 1804 manowari York ilipotea katika bahari hiyo na watu wake wote. Mwaka 1807 Robert akapeleka waashi na wahunzi kwenye mwamba huo kujenga mnara wa taa.

Masimulizi yake aliyachapisha mwaka 1824, na ni ya mtu wa vipimo: mawe, kamba, upepo, saa za maji. Ndiyo maana habari za Septemba 2, 1807 zinashtua. Siku hiyo jahazi lao, Smeaton, lilichomoka kwenye nanga na kuchukuliwa na upepo. Mwambani walikuwapo watu 32. Mashua zilizosalia zilikuwa mbili, na hata bahari ikiwa shwari hazikuzidi nafasi 24.

Robert aliliona jahazi likienda kabla ya wengine. Wao walikuwa wameinama, wanachonga. Maji yalipoanza kuwafikia miguuni, wakakusanya vyombo na kuziendea mashua, wakakuta zimepungua. Anasema hakuna aliyetamka neno. Walitazamana, kisha wakamtazama yeye.

Mpango alikuwa nao: kila mtu avue nguo nzito, baadhi waketi, waliosalia waning'inie ubavuni mwa mashua huku zikipigwa makasia taratibu. Alipofumbua kinywa kuutangaza, ulimi ukagoma. Kinywa kilikuwa kikavu kabisa. Akainama kwenye dimbwi la mwambani akanywa maji ya chumvi kidogo. Aliponyanyuka, mtu akapiga kelele kwamba kuna mashua inakuja. Alikuwa rubani James Spink, aliyetoka Arbroath kuleta barua.

Barua! Uhai wa watu 32 ulining'inia kwenye safari ya barua.

Asubuhi yake, kati ya mafundi 26, wanane tu ndio waliojitokeza kurudi mwambani. Robert akaondoka na hao wanane. Nawapenda wanane hao, lakini siwezi kuwalaumu wale 18.

Mnara uliwashwa Februari 1, 1811, na bado umesimama. Nani hasa alistahili sifa, Robert au John Rennie aliyekuwa mhandisi mkuu kwa cheo, ni ubishi ambao familia hizo mbili ziliuendeleza hata baada ya wenyewe kufa.

Robert alifariki Julai 1850. Robert Louis akazaliwa Novemba mwaka huohuo. Hawakuonana. Kijana alisomea uhandisi, akauacha mwaka 1871, na baba yake akaumia. Robert Louis uzeeni hakufika: alikufa Samoa mwaka 1894, akiwa na miaka 44, akiwa hajamaliza kitabu kuhusu ukoo wake wa wahandisi. Kisa cha Bell Rock alikuwa amekwisha kukiingiza humo, kwa maneno ya babu mwenyewe.

Babu huyo ameeleza kila kitu kuhusu mpango wake isipokuwa jambo moja: nani angeketi, nani angening'inia, na yeye angekuwa upande gani.